Barua na Majibu: Nani Huajiriwa Katika Kampuni za Matangazo?

Katika toleo lililopita niligusia kwa ufupi kwamba kampuni za matangazo huajiri mwaka mzima, ingawa nafasi zake nyingi hazitangazwi popote, na tangu hapo barua zimefurika. Nimechagua tano na kuzifupisha. Nimeondoa majina ya walioandika na ya kampuni walizozitaja, kwa kuwa baadhi yao bado wako kazini humo.

Kampuni 11, jibu moja

*Shikamoo mshauri. Nilihitimu shahada ya uhusiano wa umma na masoko hapa Mwanza mwaka juzi, na nia yangu ni kuwa mwandishi wa matangazo. Nimetuma wasifu na barua ya maombi kwa kampuni 11 za Dar es Salaam. Moja tu imejibu, ikisema itanihifadhi kwenye kumbukumbu zake. Sina ndugu katika fani hii. Je, nikasome shahada ya uzamili, au nihamie Dar es Salaam kwanza?*

Marahaba. Uzamili uache kwanza, na Dar es Salaam itakungoja. Nimeisoma barua ya maombi uliyoniambatanishia, nayo inaanza kwa maneno "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Maneno hayo hayana kosa katika ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Lakini wewe unaomba kazi ambayo mtu hulipwa kwa ajili ya sentensi yake ya kwanza, na umefungua kwa sentensi ambayo kila mwombaji wa nchi hii ameikariri tangu kidato cha nne. Mkurugenzi wa ubunifu mwenye barua pepe 30 za kufungua kabla ya kikao cha asubuhi hakufika aya yako ya pili.

Katika fani hii wasifu husomwa mwisho. Kinachoangaliwa kwanza ni jalada la kazi, yaani kazi tano au sita ulizozibuni mwenyewe, hata kama hakuna mteja aliyekuagiza. Waombaji wengi hudhani kuwa jalada hupatikana baada ya kuajiriwa, na hivyo hubaki wakizunguka hapo hapo: hawana ajira kwa kuwa hawana jalada, na hawana jalada kwa kuwa hawana ajira. Hakuna anayekuzuia kujipa kazi. Chagua bidhaa isiyo na tangazo, au yenye tangazo baya, ujiandikie brifu ya ukurasa mmoja inayoeleza nani ananunua, kwa nini hanunui zaidi, na tunataka aamini nini. Kisha uketi uandike.

Chukua, kwa mfano, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, ile inayoning'inia kwa mkanda kwenye duka la mtaani. Mwandishi aliyejifungia chumbani ataandika: "Furahia usafi wa hali ya juu kwa bei nafuu." Sentensi hiyo imetoka kwenye Kiingereza ikapitia kwenye kamusi, na haijawahi kutamkwa na mtu aliyeinama juu ya beseni. Sasa nenda Kirumba, hapo hapo Mwanza, umwombe mwenye duka akupe kigoda jioni moja, usikilize wateja. Hutamsikia yeyote akiomba usafi wa hali ya juu. Utamsikia mama akiuliza kama pakiti moja itatosha sare za watoto wawili au anunue mbili, kwa sababu anachokihofia ni povu kwisha huku nguo zikiwa bado. Ukirudi nyumbani na hofu hiyo, unaweza kuandika: "Pakiti moja, beseni zima." Sidai kwamba ni mstari wa kushindia tuzo. Lakini una mizani tano kwa tano, unajibu swali lililoulizwa dukani, na mtoto anaweza kuurudia njiani. Weka katika jalada mstari wenyewe pamoja na maelezo mafupi ya ulichokisikia hapo kwenye kigoda. Mimi ninapoajiri, maelezo hayo hunishawishi kuliko mstari, kwa kuwa mstari mmoja mzuri unaweza kuwa bahati tu.

Ukihitaji mwalimu wa ufupi, omba ruhusa ufungue sanduku la khanga la bibi yako. Jina la khanga halina nafasi ya kujieleza wala picha ya kuliegemea: "Hasidi hana sababu" ni maneno matatu, na aliyekusudiwa huelewa kabla mvaaji hajapita.

Nasisitiza Kiswahili kwa sababu mahususi. Brifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, mawazo huuzwa kwa mteja kwa Kiingereza, kisha usiku wa mwisho hutafutwa mtu wa "kuweka Kiswahili". Ndiyo maana mabango mengi ya barabarani husomeka kama maelekezo ya dawa. Mtu anayeweza kufikiri tangazo kwa Kiswahili tangu mwanzo, kisha akalitetea kwa Kiingereza safi mbele ya mteja aliyetoka nje ya nchi, ni adimu. Kwa hiyo usiudharau upande wa pili: jifunze kueleza kwa Kiingereza kwa nini mstari wako wa Kiswahili unafanya kazi.

Kuhusu kutokuwa na ndugu, nitakusimulia habari ya David Ogilvy, Mwingereza aliyefungua kampuni yake New York mwaka 1948 na ambaye jina lake bado liko kwenye milango ya ofisi nyingi duniani. Aliondoka Oxford bila shahada, akafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Paris, kisha akauza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba huko Uskoti. Mwaka 1935 aliwaandikia wauzaji wenzake mwongozo wa namna ya kuyauza majiko hayo, na mwongozo huo ndio uliomfungulia mlango wa kampuni ya matangazo ya London. Nikuambie na upande ambao wasimuliaji huuruka: kaka yake alikuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo tusidanganyane kuhusu kujuana. Hata hivyo, kaka alikuwa na kitu cha kuonyesha. Ndugu asiye na kitu cha kuonyesha huishia kupewa soda ya mapokezi.

Hatua zako, basi. Tafuta mchoraji au mbunifu wa picha hapo hapo Mwanza ambaye naye anahangaika, mfanye jalada kwa pamoja. Bill Bernbach wa New York ndiye aliyesifika kwa kumketisha mwandishi na mchoraji chumba kimoja, katika kampuni aliyoianzisha na wenzake mwaka 1949, na hadi leo wakurugenzi wengi wa ubunifu hupenda kuona watu wawili waliozoeana. Likamilike ndani ya faili moja la PDF lisilozidi kurasa 12 na linalofunguka kwenye simu, kwa maana huko ndiko litakakofunguliwa. Usilitume kwenye anwani ya jumla ya kampuni. Tafuta jina la mkurugenzi wa ubunifu, umwandikie sentensi nne, moja kati yake ikionyesha kwamba umeiona kazi yake fulani na una maoni juu yake. Usiombe ajira katika barua hiyo ya kwanza. Omba dakika 15 za kukosolewa, kwa sababu watu wa fani hii hukataa kuajiri kwa wepesi lakini hawajui kukataa kutoa maoni. Nauli ya kuja Dar es Salaam ikate utakapokuwa na miadi mitatu ya wiki moja.

Mtihani wa usaili na tangazo nililolisikia redioni

*Mshauri, niliitwa kwenye usaili na kupewa siku tatu nibuni kampeni nzima ya kinywaji: maneno ya bango, hati ya tangazo la redio la sekunde 30 na mpango wa mitandao ya kijamii. Nilifanya, nikawasilisha, sikuitwa tena. Miezi miwili baadaye, nikiwa kwenye basi hapo Msamvu, nilisikia tangazo la kinywaji hicho likiwa na wazo langu. Nina haki gani? – Msomaji, Morogoro*

Pole sana. Nimezilinganisha hati yako na maelezo ya tangazo ulilolisikia, na nitasema ninachokiona hata kama hakitakupoza.

Wazo la fundi na msaidizi wake wanaogombea chupa moja ya mwisho ni la kwako, naam, lakini pia ni la kila mtu aliyewahi kupewa brifu ya kinywaji baridi. Ukiwapa waandishi 10 brifu hiyo, watatu watafika hapo kabla ya chai ya saa 4. Sisemi kwamba hukuibiwa. Nasema kwamba kulithibitisha ni mlima, kwa sababu sheria ya hakimiliki, ya kwetu ya mwaka 1999 kama zilivyo nyingine duniani, hulinda namna wazo lilivyoelezwa na si wazo lenyewe. Kama mazungumzo ya hati yako yangekuwa yamenakiliwa neno kwa neno, ningekuambia uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kesho asubuhi. Kwa ulichonitumia, kinachokufaa ni barua yenye staha kwa mkurugenzi wa kampuni, ukiambatanisha hati yako pamoja na tarehe uliyoituma, ukiomba maelezo na malipo ya kazi uliyofanya. Nimewahi kuona barua za namna hiyo zikilipwa kimya kimya. Nimeona pia zikipuuzwa.

Lawama yangu kwa kampuni hiyo haitegemei kama iliiba au la. Mtihani wa usaili wa siku tatu, juu ya mteja halisi, bila malipo, si mtihani, ni kazi. Mtihani halali huchukua saa mbili au tatu, huhusu bidhaa ya kubuni au ya zamani, na hupima namna unavyofikiri. Siku nyingine ukipewa mzigo kama huo, jibu kwa upole kwamba utawasilisha wazo kuu na mstari mmoja, na kwamba utafurahi kuliendeleza kwa malipo. Tuma kwa barua pepe, usiache karatasi mezani. Kila ukurasa uandike jina lako, tarehe, na maneno "kazi hii imeandaliwa kwa ajili ya usaili pekee". Hayo hayamzuii mwizi, ila humfanya mtu mwoga wa sheria ndani ya kampuni hiyo aulize swali kabla tangazo halijarekodiwa.

Na jambo la ufundi, kwa kuwa umeniomba nisikuonee haya: hati yako ina maneno 94. Sekunde 30 za Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu hazibebi zaidi ya maneno 60 au zaidi kidogo, na hapo hujaweka mlio wa chupa kufunguka.

Ada ya fomu

*Wakala wa ajira ameniambia kuna nafasi ya ofisa wateja kwenye kampuni kubwa ya matangazo, lakini nitoe sh 150,000 za fomu na "kuwekwa juu ya orodha". Nilipe?*

Usilipe hata shilingi. Wakala halali hulipwa na mwajiri anayetafuta mtu, na Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 wa mwaka 1997 unasema wazi kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wanaotafuta kazi ada yoyote. Piga simu kwenye mapokezi ya kampuni iliyotajwa, uulize kama nafasi hiyo ipo. Ikiwa ipo, peleka maombi mwenyewe, na kabla ya hapo ufahamu kwamba "ofisa wateja" katika kampuni ya matangazo hakai kwenye simu kupokea malalamiko. Yeye ndiye anayechukua brifu kwa mteja, anayesimamia bajeti na ratiba, na anayerudi ofisini saa 12 jioni na habari kwamba mteja amebadili mawazo.

"Frilansa" anayeingia saa 2 asubuhi

*Mimi ni mbunifu wa picha, Dar es Salaam. Nina miezi 14 kwenye kampuni moja. Naitwa frilansa, lakini naingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 2 usiku, natumia kompyuta ya ofisi na siruhusiwi kufanya kazi za nje. Nalipwa sh 600,000 kwa mwezi, zikikatwa asilimia 5. Nikiuliza mkataba, naambiwa fani yetu ndivyo ilivyo.*

Fani yetu ndivyo ilivyo kwa sababu wachache huuliza. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii jina ulilopewa, huangalia mnavyoishi. Inataja dalili kadhaa: kwamba saa zako na namna unavyofanya kazi vinasimamiwa na mwingine, kwamba wewe ni sehemu ya taasisi hiyo, kwamba umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kila mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba unamtegemea kwa kipato, kwamba anakupa vitendea kazi, kwamba humfanyii mwingine. Ikiwepo hata moja, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe kinyume. Wewe unazo zote. Saa 45 hizo za mwezi, wewe unazimaliza kwa siku nne tu za kazi.

Ile asilimia 5 ni kodi ya zuio inayokatwa kwa mtoa huduma. Mwajiriwa hukatwa kodi ya mshahara kwa viwango, ambapo sh 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kitu, na mwajiri hulazimika kupeleka michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, asiweze kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Kwa sh 600,000 hiyo ni sh 120,000 kila mwezi, na kwa miezi 14 ni sh 1,680,000 ambazo hazipo kwenye jina lako. Sijataja saa za ziada: saa za kawaida ni tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu.

Hata hivyo sikushauri uanze na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Mji wetu ni mdogo, wakurugenzi wa ubunifu hunywa kahawa pamoja, na ningekuwa mwongo kama ningesema shauri halitakutangulia kwenye usaili unaofuata. Anza kwa kukusanya: picha za ujumbe wa WhatsApp unaokuita kazini Jumapili, taarifa za benki, barua pepe zenye majukumu yako. Kisha andika barua fupi ya kuomba mkataba, uipeleke wiki ambayo kazi yako imeshinda mteja, si wiki ambayo bango limechapwa na kosa la herufi. Wape njia mbili: mkataba wa ajira wenye saa na mshahara unaojulikana, au ufrilansa wa kweli, yaani unalipwa kwa kazi, unachagua saa zako na unaruhusiwa wateja wengine. Wakurugenzi wengi wataichagua ya pili wakidhani ni nafuu kwao, nawe ukiwa mbunifu wa kiwango nilichokiona kwenye kiungo ulichonitumia, huenda ikawa nafuu kwako.

Wakikufukuza kwa sababu umeuliza, hapo mambo ni tofauti. Una siku 30 tangu kuachishwa kulifikisha shauri mbele ya Tume. Usiogope kwamba huna karatasi: mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unayoyadai au kuyakanusha uko juu yake.

Kiswahili cha Mombasa, kazi ya Nairobi

*Naandika Kiswahili cha kwetu Mombasa. Rafiki zangu walioko Nairobi wasema bila Sheng sitapata kazi ya uandishi wa matangazo huko. Ni kweli?*

Watazame Safaricom, kampuni ya simu ya huko Kenya. Pointi za zawadi wameziita Bonga, neno la Sheng. Huduma ya kukopa salio wameiita Okoa Jahazi, jina ambalo hata asiyewahi kuona bahari hulielewa akiishiwa na salio katikati ya mazungumzo. Kampuni moja, wateja wale wale, na kila neno limechaguliwa kwa kazi yake. Kwa hiyo rafiki zako wamekupa nusu ya jibu. Sheng hubadilika upesi, na mwandishi aliyejifunza ya mwaka juzi huchekwa na vijana aliowakusudia, ilhali wewe una hazina ambayo Nairobi hulazimika kuiazima. Katika jalada lako weka kazi tatu za Kiswahili chako na moja ya Sheng uliyomsomea kijana wa Eastlands mpaka akaacha kucheka mahali pasipofaa. Ukiulizwa kwenye usaili kama unaijua Sheng, sema ukweli: huijui kama wao, lakini unajua kumtafuta anayeijua kabla tangazo halijatoka.